Roma: Vya bure mnaviuza, na habari ya begi hamuisemi

Wakuu, huu uzi ni wa hasira, na wasimamizi naomba msiuunganishe na zile nyuzi za viza na nauli.

Kila mara anaingia mtu humu anauliza: natua Roma siku mbili, niko peke yangu, begi mgongoni, nataka kuona Sistina, kile kikanisa cha Vatikani chenye dari aliyoichora Michelangelo, na zile picha za mchoraji Caravaggio makanisani, nifanyeje? Na kila mara anajibiwa upuuzi uleule: "Nunua tiketi ya kuruka foleni, mengine utayajulia hukohuko." Huko ni kumtuma mtu akaibiwe kistaarabu. Wanaojibu hivyo wengi walienda na kundi, wakashushwa na basi, wakahesabiwa kama mbuzi, wakarudishwa hotelini. Msafiri wa peke yake hana wa kumshikia begi wala wa kumchangia sarafu. Yanayomkwamisha ni mengine kabisa.

Tuanze na wapiga debe. Ukitoka kituo cha metro cha Ottaviano, mstari A, kabla hujauona hata ukuta wa Vatikani umeshazungukwa. Wimbo wao ni mmoja: foleni ni masaa matatu, tiketi zimeisha, njoo huku. Kitambulisho kinachoning'inia shingoni hakimfanyi mtu kuwa mfanyakazi wa makumbusho, jamani! Wengine wanathubutu kusema hata Basilika ya Mtakatifu Petro huingii bila tiketi. Uongo mtupu. Kuingia Basilika ni bure. Foleni unayoiona kwenye uwanja ulio mbele yake ni ya mashine ya ukaguzi, kama ya uwanja wa ndege, na ukiwa na kisu kidogo cha kambini ndani ya begi hapo ndipo safari yako inapoishia. Jumatano asubuhi Papa anapokutana na watu pale uwanjani, Basilika haifunguliwi kwa watalii hadi shughuli iishe. Nalo hilo hamlisemi.

Sistina ndiyo ya kulipia, kwa sababu iko ndani ya Makumbusho ya Vatikani. Bei ya mwaka 2025 ilikuwa euro 20, na 5 juu yake ukiweka nafasi mtandaoni. Tovuti yao inaishia na .va. Ukiona mwisho mwingine, hata kama nembo inafanana, uko kwa mchuuzi: anaweza kuwa halali, lakini kaweka cha juu. Nunua wiki kadhaa kabla, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, basi. Hiyo foleni unayouziwa kuirukia, aliyeweka nafasi mwenyewe hapangi.

Sasa begi, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Begi linalozidi sentimita 40 kwa 35 kwa 15 haliingii kwenye makumbusho. Begi la shule linaweza kupita. Begi la lita 40 la kusafiria halipiti hata ulibonyeze vipi. Linabaki sehemu ya kuhifadhi mizigo pale mlangoni, bure. Mpaka hapo hakuna shida. Shida iko mwisho wa safari.

Sistina ina njia mbili za kutokea, zote upande ulio mbali na altare. Ukiipa altare mgongo, mlango wa kushoto unakurudisha makumbusho. Wa kulia unashuka ngazi moja kwa moja hadi Basilika, nao ndio ule mnaousifia humu kama "siri". Kwanza, rasmi ni wa vikundi vyenye kiongozi, na siku nyingine umefungwa. Pili, hata ukifanikiwa kupenya, begi lako limebaki mlango wa makumbusho, barabara ya Viale Vaticano, upande wa pili wa ukuta! Utazunguka kwa miguu robo saa au zaidi kulifuata, kisha ukitaka kuingia Basilika tena urudi uwanjani ukapange foleni ya mashine, na begi lenyewe hilo kubwa linakutia mashakani tena. Kwa hiyo ushauri wa "pitia mlango wa kulia" kwa mtu mwenye begi kubwa ni kumkomoa tu. Aliache hosteli au stesheni ya Termini, abebe kimfuko cha maji, pasipoti na kanga.

Ndiyo, kanga. Mabega na magoti lazima yafunikwe, wanaume kwa wanawake, na kaptura inarudisha watu mlangoni wakiwa na tiketi mkononi. Pale nje wanauza vitambaa vyepesi kama karatasi. Wewe unayo kanga nyumbani, unahangaika nini?

Ndani ya Sistina: picha hazipigwi, na walinzi wananyamazisha watu muda wote. Unaingilia upande wa altare, kwa hiyo Hukumu ya Mwisho (1536 hadi 1541) iko nyuma yako. Watu wanainua shingo juu, wanasukumwa mbele, wanatoka bila kugeuka. Tembea mpaka mwisho kwanza, halafu geuka. Kwenye dari, hadithi inaanzia juu ya altare, kwenye Uumbaji, na kuishia kwa Nuhu aliyelewa karibu na lango la upande wa pili. Lakini Michelangelo alianza kupaka upande wa Nuhu. Ndiyo maana pale watu ni wengi na wadogo, na kadiri unavyosogea altareni wanapungua na kuwa wakubwa: alishagundua kwamba kutoka chini vile vidogo havionekani. Pembeni kuna mabenchi. Kaa, tazama na kuta, kuna kazi za wachoraji Botticelli na Perugino za 1481 na 1482 ambazo hakuna anayezisalimia.

Tuje kwa vya bure. Kanisa la San Luigi dei Francesi, karibu na Piazza Navona, kikanisa cha pembeni cha mwisho upande wa kushoto, humohumo ndani: picha tatu za Caravaggio za habari za Mathayo, 1599 hadi 1602. Mnachosahau kusema ni kwamba pako giza. Taa ni ya kutumbukiza sarafu. Unatia, inawaka dakika chache au pungufu, tap! inazima. Msafiri mwenye noti ya euro 20 anabaki anatazama turubai jeusi. Beba sarafu za senti 50 na za euro 1, zisizopungua sita kwa siku. Na nyie wa makundi, aibu iwashike: watu ishirini wamesimama gizani, simu ziko tayari, wanamsubiri kijana mmoja mwenye begi atumbukize sarafu yake, halafu wanamziba!

Taa ikiwaka usikimbilie simu. Picha ya kushoto ndiyo ile ya Mathayo "ameketi forodhani". Mwanga wa kwenye picha unatokea kulia juu, upande uleule lilipo dirisha halisi la kikanisa, juu ya altare. Angalia mkono wa Yesu: umelegea kama ule wa Adamu kule Sistina. Ukishaziona zote mbili siku moja, huhitaji wa kukueleza.

Mchana makanisa yanafungwa. Hili la San Luigi kuanzia karibu saa saba kasoro robo hadi saa nane na nusu, na mengine yanachelewa zaidi kufunguliwa. Wakati wa misa hakuna kuzunguka. Kwa hiyo ule mpango mnaoupendekeza wa "Vatikani asubuhi, makanisa mchana" unamfikisha mtu kwenye milango iliyofungwa. Geuzeni: makanisa asubuhi, tiketi ya Vatikani iwe ya saa saba au nane mchana.

Dakika chache kutoka San Luigi ni kanisa la Sant'Agostino, kikanisa cha kwanza kushoto, Caravaggio tena: Bikira Maria mlangoni na mahujaji wawili wamepiga magoti, nyayo chafu za mwanamume zimekuelekea usoni. Kisha shika Via della Scrofa, inageuka Via di Ripetta, nyoosha dakika ishirini hadi kanisa la Santa Maria del Popolo, lenye Caravaggio wawili. Paulo aliyeanguka kulia, Petro anasulubiwa kushoto, na utaziona kwa upande tu kwa sababu kikanisa ni chembamba na huruhusiwi kuingia. Sarafu tena.

NYONGEZA: Mdau kauliza kuhusu Jumapili ya mwisho wa mwezi, Makumbusho bure. Ni kweli, saa tatu asubuhi hadi saa nane, mwisho wa kuingia saa sita na nusu. Foleni yake ni ya kutisha. Kwa mwenye siku mbili tu, lipa.

Aliyeuliza Pantheon, lile hekalu la kale la Warumi: tangu Julai 2023 watalii wanalipa, na walianza kwa euro 5. Hilo si la wapiga debe.

Na nyie mnaoweka picha ya ile sanamu ya Musa mwenye pembe, kazi ya Michelangelo, na kuanza habari za Frimasoni, tulieni. Sanamu iko kanisa la San Pietro in Vincoli, metro Cavour, mstari B, bure. Pembe zinatokana na tafsiri ya Kilatini ya Kutoka 34, ambako uso uliong'aa ulitafsiriwa kuwa wenye pembe. Taa yake pia inataka sarafu, na mchana nako wanafunga.