Shamba la ekari 6 mtoni Shimba Hills, nitoe arubuni au niwache?

bin_kisauni
Assalaam aleikum jamani. Naomba mtu anaejua Kwale kwa ndani anisaidie kabla sijatoa pesa. Mimi mtu wa Kisauni, kazi ni bandarini na nimebakisha miaka mitatu nistaafu. Siku zote nimetaka karanchi kadogo, si mambo makubwa, ng'ombe saba nane wa maziwa, mbuzi, na kanyumba ka kulala wikendi mahali ambapo usiku mtu ajifunika blanketi, sio huku kwetu twalala feni imeelekezwa usoni na bado jasho.

Sasa broka kanipeleka jumamosi Shimba Hills, watoka barabarani na boda kama dakika ishirini hivi. Shamba zuri wallahi. Lateremka toka juu kilimani mpaka mtoni, lina minazi, miembe, michungwa ya kizamani, na huko chini ni kijito chaenda kuingia mto Mkurumudzi, maji wayasikia ukiwa umekaa barazani. Hati yasema hekta 2.6, broka asema ekari sita na nusu. Upande wa mtoni ni kama mita 200. Nyumba ipo ya vyumba viwili, mabati yameoza kidogo. Bei milioni 3.2 lakini nikitoa arubuni ya laki tatu kufikia ijumaa ashusha mpaka 2.9. Hati nimeona kopi, jina ni la mzee ambae ni marehemu, anaeuza ni mtoto wake wa kiume, asema familia yote imekubaliana. Nataka kujenga nyumba mpya chini kabisa karibu na maji. Mke wangu hataki hata kusikia. Nyie mwaonaje?

mdigo_wa_lukore
Karibu kwetu kaka. Mahali pazuri hukudanganywa, na baridi ya Juni utaikimbia mwenyewe. Lakini hebu nikuulize, ulipokua pale ng'ombe uliona wangapi kwa majirani? Na walikua wa aina gani?

bin_kisauni
Wawili watatu, wale wadogo wa nundu. Nikajua ni mambo ya pesa tu.

mdigo_wa_lukore
Si pesa. Ni mbung'o, yule nzi anaewatia ng'ombe ugonjwa wa nagana. Huku kwetu mbung'o wapo tangu babu zetu kwa sababu ya msitu wa hifadhi, pale ndani kuna nyati, ngiri na pongo, hao ndio wanaomlisha, na yeye apenda kivuli na vichaka vya mtoni, yaani hapo hapo ulipopapenda wewe. Ukileta gredi wako (ng'ombe wa maziwa wa kizungu) uliemnunua kwa bei ya pikipiki mbili, mwezi wa kwanza ala vizuri, wa pili manyoya yasimama, aanza kukonda na majani yapo, mwenye mimba aitoa. Wale wa nundu wavumilia kidogo ndo maana umewaona hao tu.

Sikutishi, watu wafuga. Kuna mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi ilotiwa dawa, mbung'o huvutwa na ile rangi. Tena ICIPE, wale watafiti wa wadudu, walikuja huku Kwale wakajaribu kola za kuvisha ng'ombe zenye harufu ya kuro (mnyama wa porini jamii ya swala), kwa sababu waligundua mbung'o humkwepa kuro. Kwa hiyo ng'ombe anuka kuro, mbung'o apita zake hahaha. Mwanzo watu walicheka, baadae wakawa wanazitafuta. Lakini sindano za nagana ni gharama ya kila mwaka, itie kwenye hesabu na umjue mtu wa mifugo wa wadi kabla hujamjua broka. Na jambo lingine, uliza ndovu mara ya mwisho walipita lini. Ua wa stima wa hifadhi upo lakini kuna siku huangushwa, na ndovu akionja minazi michanga hakusahau.

dalali_mkweli
Ndugu msikilize kila mtu lakini mjue bei ya ardhi yapanda. Dongo Kundu imefunguka, feri hamuihitaji tena, kila mtu wa Mombasa ataka Kwale. Sahau ng'ombe, weka kotegi tatu mtoni, wageni wakitoka kuona maporomoko ya Sheldrick na wale palahala (swala wakubwa wenye pembe ndefu) ambao Kenya nzima wako Shimba tu, walala kwako. Ukingoja ngoja mwenzio achukua.

mdigo_wa_lukore
Yupo na mwenzie siku zote huyo, hata kwenye plot yangu alikuepo.

saveya_mstaafu
Kijana (nakuita kijana ingawa wakaribia kustaafu, mie nshatimiza). Tuanze na hesabu. Hekta 2.6 ni ekari 6.4, hio nusu haitimii, amejijazia. Kidogo, lakini mtu anaejaza kidogo mbele yako sijui nyuma yako afanya nini.

Sasa mto. Kanuni za maji za Kenya zaweka ukanda pembezoni mwa mto kati ya mita 6 na mita 30 kila upande kulingana na upana wa mto, na hupimi kutoka pale maji yalipo leo, wapima kutoka yanapofika mto ukijaa. Ndani ya ukanda ule hujengi, hulimi, hukati miti ya asili. Ardhi iko kwenye hati yako ndio, ukitaka piga nayo picha, lakini matumizi huna. Una mita 200 za mto. Ukiambiwa mita 6 wapoteza kama robo ekari na kidogo, sawa. Ukiambiwa 30 hio ni mita za mraba 6,000, yaani ekari moja na nusu ambayo wailipia bei ile ile ya milioni. Na ile nyumba unayotaka kuiweka chini iko ndani ya ukanda kabisa. Kotegi za huyo ndugu hapo juu pia.

Jambo ambalo watu hawalijui ni maji yenyewe. Ukichota kwa ndoo matumizi ya nyumbani hakuna wa kukuuliza. Ukitia pampu au ukijenga kizuizi wahitaji kibali cha WRA (mamlaka ya rasilimali za maji) chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Wengi hutia pampu usiku, mpaka wale wa chini wakakosa maji, basi siku hio ndo utajua una majirani.

Na mto usiuangalie Februari! Mto wa Februari ni kama bwana harusi, umejipanga. Nenda mwezi wa tano, masika yakiwa yamekolea. Kama huwezi kungoja basi tembea ukingoni utazame juu matawini, tafuta nyasi kavu na mifuko ilonasa. Mvua za mwisho wa 2023 ziliacha alama nyingi, na alama hizo hazina broka. Tena chukua saveya akuoneshe bikoni (alama za mpaka) zote, zisioneshwe kwa kidole tu "kule kwenye mwembe". Kwenye mto mpaka wa kuchora na mpaka wa maji huwa haviko pamoja miaka yote.

mama_zuhura
Mimi nimesoma yote nikawa nangoja mtu aseme la marehemu hamsemi. Babangu we, hati iko kwa jina la maiti!! Mtoto hana cha kukuuzia. Mpaka mirathi iende mahakamani, kama ni Waislamu kwa kadhi, warithi wote watajwe na wake na mabinti walioolewa mbali, ndo jina litoke kwa mzee liende kwao, halafu ndo wakuuzie. Kabla ya hapo ukigusa mali ya marehemu ni kosa kisheria, wewe na yeye.

Nasema kwa uchungu kwa sababu mwaka mmoja nyuma nilitoa arubuni ya shamba upande wa Kinango, laki mbili na nusu za chama, kijana kaapa na msahafu kuwa wako wanne na wote wamekubali. Siku ya bodi ya ardhi akatokea mama mtu mzima na watoto wawili, mke mdogo wa mzee kumbe, kasimama pale kasema "mimi sijauza". Bodi ikakataa na mimi nikabaki na risiti ya kuandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Pesa bado naidai mpaka leo, akiniona Kongowea abadilisha njia.

Na hio bodi si hiari, shamba la kilimo bila konsenti (idhini) ya bodi mauzo ni bure, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkubaliane, ikipita mkataba wafa. Fanya sachi ya kwako ya hati kwa ofisi ya ardhi, usikubali sachi ya kuletewa. Kama eneo ni la settlement (skimu ya serikali ya kugawia watu mashamba) uliza pia deni la serikali la lile shamba lishalipwa au la, maana wazee wengine walifariki hawajamaliza. Arubuni ya ijumaa ya nini? Maiti ana haraka gani?

bin_kisauni
Mamangu umenichekesha na umenitia baridi. Nimesikia. Jumamosi naenda tena bila broka.

*(siku tisa baadae)*

bin_kisauni
Nimerudi na habari. Nilikwenda na boda yangu, nikaanzia kwa jirani wa juu, mzee mmoja wa Kikamba ambae wazazi wake waliletwa pale na skimu kabla ya uhuru. Kanipa madafu, kisha kanipeleka mtoni mwenyewe. Mzee saveya, zile nyasi ziko. Ziko kwenye mkuyu, na mimi si mfupi, nlinyoosha mkono sikuzifikia. Pale nilipopanga kuweka baraza maji yalipita juu ya kichwa changu. Mke wangu nimempigia hapo hapo, hakusema kitu, alicheka tu, tena cheko refu.

Mirathi haijafunguliwa. Kuna dada wawili Ukunda na mmoja yuko Tanga, hawajui kama kuna mnunuzi. Nikampigia yule kijana nikamwambia nendeni kwa kadhi kwanza, mimi nangoja na pesa yangu iko benki. Akanitukana kidogo halafu jioni akapiga tena akisema milioni 2.3. Sijajibu.

Sasa yule mzee ana ekari mbili juu ya mlima ataka kuziuza, hati ni yake na yu hai alhamdulillah. Mto hauko, wauona tu kwa mbali. Kisima kipo lakini asema Februari mpaka Machi chashuka. Kuna mtu afuga mbuzi wa maziwa maeneo yale? Mbung'o awasumbua vipi?

mdigo_wa_lukore
Mbuzi wavumilia zaidi ya gredi, na juu kule upepo wapita, vichaka vichache. Nenda na mwenye mbuzi wa Mangawani nitakutumia namba inboksi. Huyo mzee namjua pia, dafu zake ni za kweli lakini bei ataanzia juu, mpe muda.

mama_zuhura
Muulize ana wake wangapi.