Kitenzi cha Kiingereza "sensitize": je, ni kuhamasisha tu?

Mfasiri wa Morogoro
Wanajukwaa, salaam. Ninafasiri kijitabu cha afya ya uzazi kutoka Kiingereza, na kitenzi "sensitize" kimenikwamisha. Sehemu ya kwanza inaeleza kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii watafanya kazi hiyo kwa akina mama vijijini, nami nikaandika "watawahamasisha", kwa kuwa ndivyo tunavyosikia kila siku katika semina na mikutano ya hadhara. Kurasa chache mbele, katika maelezo ya wajawazito wenye damu ya Rh hasi (yaani chembe zao nyekundu hazina protini iitwayo Rh), nakuta kwamba sindano ya anti-D haitolewi kwa mama ambaye tayari amefikwa na jambo hilohilo. Nikiandika "mama aliyekwisha kuhamasishwa hapewi sindano", msomaji atadhani tunamwadhibu kwa kuhudhuria mkutano. Je, kitenzi hiki kina maana mbili, au ni maana moja ambayo siioni?

Mwalimu wa Lugha
Ndugu Mfasiri, kiini chake ni kimoja: kukifanya kitu kianze kuitikia jambo ambalo awali halikukigusa. Kitenzi hiki kilianza kuandikwa katika miaka ya 1850, tena kwa habari za upigaji picha. Katika mbinu ya kolodioni (kimiminika kinachonata) aliyoitangaza Frederick Scott Archer mwaka 1851, kioo kilichopakwa kolodioni hakikufaa kupigia picha mpaka kichovywe katika myeyusho wa nitrati ya fedha, na baada ya hapo kilipaswa kutumiwa kingali kibichi. Kuchovya huko hakukutia picha yoyote kiooni. Kulikipa tu uwezo wa kuathiriwa na mwanga.

Ndiyo maana Kiingereza sanifu hukifuatisha kihusishi "to", kikitaja kile kinachoitikiwa. Katika ripoti zetu za Afrika Mashariki tumezoea kuweka "on" au "about", kana kwamba ni kufundisha somo, na nadhani hapo ndipo kuhamasisha kulipoingilia. Kumbuka pia kwamba katika tiba kitenzi hiki huweza kusimama bila yambwa (yaani mtendwa): mwili wenyewe ndio unaobadilika, hakuna aliyeuhutubia.

Mkunga Mstaafu
Mwalimu amesema kweli, nami niongeze ya wodini. Mama wa Rh hasi akibeba mtoto wa Rh chanya, damu kidogo ya mtoto inaweza kuingia katika damu ya mama, hasa wakati wa kujifungua au mimba inapoharibika, na mwili wa mama ukaanza kutengeneza kingamwili. Mtoto huyo wa kwanza mara nyingi hapati madhara. Hatari iko katika mimba ifuatayo, ambapo kingamwili hizo hupita kwenye kondo la nyuma na kuziharibu chembe nyekundu za mtoto iwapo naye ni wa Rh chanya. Anti-D hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ili mwili wa mama usifikie hali hiyo. Kingamwili zikishaundwa, sindano haiwezi kuzifuta. Kwa hiyo, mwanangu, andika "mama ambaye mwili wake umekwisha kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya Rh chanya". Ni maneno mengi, lakini hakuna mama atakayetoka kliniki akidhani amenyimwa haki yake.

Mhariri wa Zamu
Naafiki sentensi ya Bibi Mkunga, ila hata ile sehemu ya kwanza nisingeipitisha haraka. Kuhamasisha ni kumtia mtu ari ya kutenda, mathalani kwenda kuchanja. Kama kijitabu kinakusudia akina mama wazitambue dalili za hatari, kama vile kutokwa damu au kuumwa kichwa kusikoisha, basi "watawazindua akina mama kuhusu dalili za hatari" ni karibu zaidi na asili. Mratibu wa semina ataliona neno hilo geni, lakini kijitabu hakiandikwi kwa ajili yake.

Mfasiri wa Morogoro
Ahsanteni sana. Shikamoo Bibi Mkunga. Sentensi yako nimeichukua kama ilivyo. Katika asili, sehemu ya kwanza inafuatwa na orodha ya dalili, si wito wa kuhudhuria kliniki, kwa hiyo nimeweka "watawazindua".