LTO-5 kwenye Linux: tar mbili zinaandikwa, inasomeka moja tu

Seva_Usiku
Wakuu, msaada. Skripti niliyoikuta kwenye seva hii huandika bakapu (nakala za akiba) mbili kila usiku kwenye tepu moja ya LTO-5, aina ya tepu ya sumaku ya kuhifadhia data. Hutumia tar, programu inayofungasha faili pamoja:

`tar -cf /dev/st0 /home`
`tar -cf /dev/st0 /srv`

Zote humaliza bila kosa. Leo mtu kaomba faili lake la `/home`, nasoma tepu nakuta `/srv` peke yake. Tepu ni ya TB 1.5 na data haifiki hata robo, kwa hiyo haijajaa. Nimepitisha tepu ya kusafishia, hali ni ileile. Kichwa cha draivu kimekufa?

Mzee_wa_Tepu
Draivu yako nzima mkuu. Na tepu ya kusafishia usiiweke mpaka taa iwake, inasugua kichwa bure.

Tatizo ni `/dev/st0`, jina ambalo Linux huitia draivu ya tepu. Kifaa hicho hurudisha tepu mwanzo kila programu inapokifunga, kwa hiyo tar ya pili imeandika juu ya ile ya kwanza. Weka `/dev/nst0`: ni draivu ileile, ila kwa jina hili tepu hubaki ilipoishia.

Pole, `/home` ya kwenye tepu hiyo imekwenda. Hata kama ilikuwa ndefu kuliko `/srv`, draivu haivuki alama ya mwisho wa data, ambayo sasa ipo pale `/srv` ilipoishia. Tafadhali usingoje usiku: andika `/home` sasa hivi kwenye tepu nyingine, maana kwa skripti hiyo watu wako hawana bakapu kabisa.

Ukimaliza kuandika zote mbili, isome ya pili (`mt` ni amri ya kuendesha tepu, na `asf 1` huipeleka mwanzo wa bakapu ya pili):

`mt -f /dev/nst0 asf 1`
`mt -f /dev/nst0 status`
`tar -tf /dev/nst0`

Status ionyeshe `File number=1`, yaani ya pili, kwa sababu hesabu huanzia 0. Kosa lisipotokea wakati wa kuandika, hilo halithibitishi chochote. Soma tepu.

Kibodi
Naongezea: `tar -df /dev/nst0 -C /` hulinganisha tepu na diski, faili kwa faili. Yaliyobadilika baada ya bakapu yatajitokeza, usishtuke.

Seva_Usiku
Asanteni sana, zote mbili zinasomeka. Nimepata pia tepu ya zamani, ya kabla ya skripti hii, ila tar inasema `Cannot allocate memory`. RAM ipo GB 32!

Mzee_wa_Tepu
RAM haihusiki. Tepu hiyo iliandikwa kwa bloku (kipande cha data kinachoandikwa kwa mkupuo mmoja) kubwa kuliko baiti 10240 ambazo tar huomba yenyewe. Telezesha kwanza kile kifungo cha kuzuia kuandika, tepu hiyo ndiyo tegemeo lako. Kisha:

`mt -f /dev/nst0 rewind`
`mt -f /dev/nst0 setblk 0`
`dd if=/dev/nst0 of=/tmp/bloku bs=1M count=1`

Angalia ukubwa wa `/tmp/bloku`, gawa kwa 512, jibu lake ndilo la kuweka kwenye `-b` ya tar, inayotaja ukubwa wa bloku kwa vipande vya baiti 512. Rudisha tepu mwanzo kabla ya kusoma.

Seva_Usiku
Imetoka 262144, nikaweka `-b 512`. Orodha ya `/home` inateremka, na faili lililoombwa nimeliona.