Duka la mawe na visukuku Mbeya mjini: nikague nini kabla ya kulipa?

MwanaRungwe
Habari za jukwaani. Jumamosi natoka Tukuyu asubuhi kwenda Mbeya mjini, narudi jioni. Katikati nitakuwa na kama saa mbili za kuzunguka duka linalouza mawe ya mapambo, vito na visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye miamba). Bajeti ni shilingi 80,000. Nataka mawe ya kufundishia jiografia kidato cha kwanza na cha pili, si ya pete. Nibebe vifaa gani? Nitatofautishaje jiwe halisi na kioo au plastiki palepale kaunta? Na kuna vitu gani nisivinunue kabisa?

MpasuaMwamba
Mwalimu, beba lenzi ya kukuza mara 10, sumaku ndogo, msumari wa chuma, kipande cha kigae cha bafuni, siki kidogo kwenye kichupa, na tochi ya simu. Kabla ya kukwaruza chochote omba ruhusa, na uombe vipande vilivyovunjika ambavyo maduka mengi huweka pembeni. Jiwe lililong'arishwa ukilichora msumari umeliharibu, na mwenye duka ana haki ya kukudai.

Msumari una ugumu wa takribani 5.5 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe cha 1 hadi 10. Kwatsi, madini magumu yanayofanana na kioo, ni 7, kwa hiyo msumari hauichubui, nayo inakata kioo. Floraiti (4) na kalsaiti (3) zinachubuka bila shida. Wengi hukosea hapa: msumari ukipita juu ya kwatsi unaacha mstari wa kijivu, mtu anasema limechubuka. Lowesha kidole usugue. Mstari ukifutika, ulikuwa ni chuma cha msumari kilichobaki juu ya jiwe. Ukibaki na kucha inaukwaa, hapo ndipo jiwe limekatika.

Kigae tumia upande wa nyuma usiong'aa. Sugua jiwe uangalie rangi ya unga. Pairaiti, ile inayong'aa kama dhahabu, inaacha unga mweusi wenye ukijani. Dhahabu inaacha mstari wa njano. Kwa kuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu iko jirani, utaoneshwa pairaiti nyingi kwa jina la dhahabu. Hematiti, jiwe lenye madini ya chuma, inaacha wekundu wa matofali hata kama jiwe lenyewe ni jeusi, na wanafunzi hawalisahau somo hilo. Shanga nyeusi za "hematiti" zinazovutwa na sumaku kwa nguvu zimetengenezwa kiwandani. Hematiti ya asili karibu haivutwi. Inayovutwa sana ni magnetiti, madini mengine ya chuma.

Siki ni kwa kalsaiti. Lile jiwe la mistari ya kijani na kahawia wanaloliita oniksi ya Songwe ni kalsaiti iliyoachwa na chemchemi za maji moto. Kwangua unga kidogo chini ya jiwe, dondosha siki, utaona mapovu. Usidondoshe juu ya uso uliong'arishwa, doa halitoki tena.

Kioo kitafute kwa lenzi na tochi: mapovu ya duara ndani, na rangi iliyo sawa pote. Amethisti (kwatsi ya zambarau) halisi mara nyingi ina rangi iliyokaa kwa mikanda iliyonyooka yenye kona, sehemu nyingine nzito, nyingine nyepesi. Kuhusu sitrini (kwatsi ya njano) ya rangi ya chungwa kali yenye kitako cheupe, hiyo kwa kawaida ni amethisti iliyopikwa kwenye tanuri. Ni kwatsi kweli, ila usiilipie bei ya sitrini ya asili.

Ntokela
Pumisi na basalti, mawe ya volkano, usinunue hata kwa shilingi mia. Uko Tukuyu! Pumisi nyeupe ya mlipuko wa Mlima Rungwe wa takribani miaka 4,000 iliyopita iko kwenye kingo za barabara, inaelea majini mbele ya darasa, na ni bure. Pesa weka kwenye vitu ambavyo huko kwenu havipo.

DadaKaharabu
Upande wa visukuku, vingi madukani vinatoka nje: amonaiti (magamba ya mviringo ya viumbe wa baharini) za Madagaska, na othoserasi (magamba marefu yaliyonyooka) na trilobaiti (wanyama wa baharini wenye mwili wa pingili) za Moroko. Amonaiti iliyopasuliwa katikati ndiyo bora kwa darasa. Nusu mbili zinapaswa kulingana kama kitu na kivuli chake kwenye kioo, na vyumba vya ndani vijazwe kalsaiti yenye rangi tofauti tofauti. Vyumba vyote vikiwa na rangi moja na mng'ao mmoja, weka mashaka.

Trilobaiti ndiyo inayoghushiwa zaidi. Pitisha lenzi kwenye mpaka kati ya mnyama na mwamba. Vitundu vidogo vya duara maana yake ni gundi au plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu ya kutolea nakala. Othoserasi kwenye bamba jeusi kwa kawaida ni halisi, ila wakati mwingine vipande vya wanyama kadhaa vimegundishwa pamoja. Tafuta mstari uliokata mshipa mweupe wa jiwe ghafla.

Ukioneshwa kaharabu (utomvu wa miti ya kale uliogeuka kisukuku) yenye mdudu, uliza kama si sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa mti wa pwani yetu, umri wake ni mdogo mno ukilinganisha na kaharabu. Tone moja la asetoni (ile ya kuondoa rangi ya kucha) mahali pasipoonekana, subiri sekunde chache, gusa. Sandarusi inanata, kaharabu hainati. Maji yenye chumvi nyingi hayatakusaidia kutenganisha hizi mbili kwa sababu zote zinaelea; yanakusaidia kutupa kioo na bakelaiti (aina ya plastiki ya zamani), ambavyo vinazama. Binafsi naona sandarusi iliyoandikwa jina lake ni kitu kizuri kabisa cha kufundishia, mradi usiuziwe kwa bei ya kaharabu.

Usichonunue: mifupa au meno yaliyogeuka mawe "kutoka Songwe" au "bonde la Ruhuhu", na zana za mawe za Isimila, eneo la kale karibu na Iringa. Miamba ya Songwe ndiyo iliyotoa dinosaria Rukwatitan (alipewa jina 2014) na Shingopana (2017). Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kuchimba na kusafirisha vitu hivi. Kisukuku kilichong'olewa bila kumbukumbu ya tabaka lake kimekwisha thamani kwa sayansi, na kila anayenunua anamtuma mchimbaji arudi tena.

MwanaRungwe
Asanteni sana. Mizani ya sonara ya gramu 0.01 naweza kuazima. Nimesikia kuna kupima jiwe ndani ya maji, inafanyikaje?

MpasuaMwamba
Pima jiwe likiwa kavu, andika. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, lizamishe lote bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 26.50 likionesha 10.00 majini, jibu (jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule) ni 2.65, yaani kwatsi. Kalsaiti ni 2.71, floraiti 3.18, yakuti 4.0, pairaiti 5.0 hivi. Kioo cha kawaida kipo karibu na 2.5.

Vinavyoharibu jibu ni mapovu ya hewa yaliyoshika jiwe (tia tone la sabuni), jiwe lenye vitundu, na jiwe dogo. Chini ya gramu 2 usiamini tarakimu ya pili baada ya nukta. Chumvi ya mawe usizamishe, inayeyuka; jasi nayo huyeyuka kidogo.

BrokaMstaafu
Nyongeza kuhusu yakuti za Tunduru utakazooneshwa zimefungwa kwenye karatasi na vijana nje ya duka. Yakuti ya kiwandani ina uzito na ugumu uleule wa ya asili, kwa hiyo majaribio ya hapo juu yote inayapita. Mara nyingi kinachoisaliti ni mistari ya ukuaji iliyopinda, inayoonekana kwa lenzi. Ya asili imenyooka. Na hata ikiwa ya asili, kushika vito ghafi bila karatasi halali ni kosa chini ya Sheria ya Madini ya 2010. Nunua ndani, kwa mwenye leseni ukutani, na risiti iandike jina la jiwe na uzito. Vilevile, "kipande cha kimondo cha Mbozi" usikiguse. Kimondo kile kinalindwa, na vingi vinavyouzwa ni takataka za tanuri la chuma zenye vitundu vya mapovu.

Kwa 80,000 ningeanza na pairaiti, hematiti, kalsaiti angavu (iweke juu ya maandishi, yanaonekana mara mbili), jasi, kisha amonaiti ikibaki pesa. Muulize muuzaji kila jiwe lilitoka kijiji na wilaya gani, andika papo hapo, kwa sababu hata yeye wiki ijayo hatakumbuka.

Safarini funga kila moja kwenye gazeti lake, kwatsi isikutane na kalsaiti. Kwa mvua ya Tukuyu pairaiti itaota unga mweupe na asidi yake itakula karatasi ya jina. Iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Amethisti na floraiti zikae mbali na dirisha lenye jua, zinapauka.