Wakurugenzi wanawake picha ukurasa mzima, hasara imefichwa kwenye maandishi ya sisimizi!

Wakuu naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie. Nina vihisa vyangu kwenye kampuni moja, siitaji jina, wametoa ripoti ya mwaka. Mwanzoni huko mapicha ya kung'aa, wakurugenzi wanawake wamepangwa mbele wanatabasamu, chini yake eti bodi jumuishi, uwazi zaidi. Uwazi upi sasa?? Gawio limekatwa, natafuta sababu nakutana na sentensi inaanza juu ya ukurasa inaishia chini, sijui "kufuatia uhuishaji wa mizania katika mazingira ya mpito ya kiuendeshaji"... si mseme tu tumepata hasara! Na mkopo waliompa mtu wao wa ndani nimeufuma mwisho kabisa kwenye maelezo ya hesabu, herufi za sisimizi.

Msiniambie ni bahati mbaya. Mtafiti wa uhasibu Feng Li alichambua ripoti za kampuni za Marekani, mwaka 2008 akachapisha, zenye faida ndogo ndizo zilizokuwa ngumu zaidi kusomeka. Na kuandika vizuri wala siyo sayansi ya ajabu, yule mwekezaji tajiri Warren Buffett 1998 kwenye mwongozo wa lugha nyepesi wa SEC, wasimamizi wa masoko ya hisa Marekani, alisema akiandika anajifanya anaongea na dada zake, watu wenye akili zao ila siyo wahasibu. Basi!

Na asije mtu hapa kusema napinga wanawake kuwa kwenye bodi, mimi nataka waongezwe. Norway walipitisha sheria 2003 kwamba wanawake wapate angalau asilimia 40 ya viti vya bodi, kampuni ikikaidi inaweza hata kuvunjwa, Umoja wa Ulaya nao wakaja na ya kwao 2022. Sawa, ila sheria hizo zinahesabu viti, hazihesabu nani yuko kamati ya ukaguzi inayochungulia hesabu, nani anapewa makabrasha mapema na nani anakabidhiwa mlangoni kikao kinaanza, halafu akiuliza hii hasara imetokea wapi anaambiwa mama hilo tutaongea pembeni. Na hata hiyo kamati peke yake haitoshi, Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani, walikuwa na mwanamke, mchumi Wendy Gramm, kwenye kamati ya ukaguzi na bado maelezo ya biashara zao na vikampuni vya bosi wao wa fedha yalikuwa kizungumkuti mpaka wakafilisika 2001.

Sasa hawa wangu, nimekagua orodha ya kamati jina kwa jina. Wale akina mama wote wa kwenye picha wamepelekwa kamati ya misaada kwa jamii. Ukaguzi wanaume watupu! Yaani sura zao zinatumika kutuuzia ripoti ambayo hawakupewa nafasi hata ya kuihoji (nina wasiwasi kama hata waliiona kabla haijachapwa).

Mkutano mkuu unakaribia na mwenyekiti ni bingwa wa kukwepa, ukiuliza mkopo anajibu maono ya kampuni. Mwenye uzoefu anisaidie, swali la huo mkopo niliulizeje ili ajibu kwa tarakimu, na je naweza kulipeleka kwa maandishi kabla ili libaki kwenye kumbukumbu?