Naomba ushauri: Kukarabati jumba la zamani la sinema Tabora mjini

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Ukoo wetu una jumba la zamani la sinema hapa Tabora mjini. Limegeuka stoo ya mahindi, na baba mdogo anataka livunjwe tujenge fremu za maduka. Mimi roho inaniuma kweli. Wazee wetu walijipanga foleni pale kuangalia picha za Kihindi, na chumba cha mashine bado kipo juu, na vile vidirisha vya kupitishia mwanga.

Kinachonitia hofu zaidi ni kuta. Zilijengwa kwa mawe na chokaa, zinabanduka chini. Fundi anasema tupige plasta ya saruji yote. Nijuavyo, saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, chumvi inapanda, na ukuta unaoza taratibu. Nani amewahi kukarabati kwa chokaa huku bara? Mafundi wa Zanzibar na Bagamoyo wanapatikanaje, na chokaa wanailoweka muda gani?

Pili, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inamruhusu waziri kutangaza jengo kuwa la kihistoria. Likitangazwa, sisi wenye mali tunabaki na uhuru gani wa kupangisha?

Na mnaofuatilia jumba la sinema la Majestic la Zanzibar, lile lililojengwa upya 1955 baada ya kuungua, nielezeni wanaolikarabati wanavyotafuta fedha. Baba mdogo anataka hesabu, si maneno, na kikao cha ukoo kiko karibu.