Perege wangu 63 wamekufa usiku mmoja, kambare wazima. Hii ni sumu?

Mzee wa Mfereji (Rungwe):
Wakuu, heshima kwenu. Niko Rungwe, nje kidogo ya Tukuyu. Nina bwawa la mita kumi kwa kumi na tano, nimechanganya perege na kambare, maana perege wakiachwa peke yao wanazaana mpaka bwawa linajaa vidagaa, na kambare ndio wanaonipunguzia vifaranga.

Alhamisi saa kumi na moja na nusu alfajiri kijana wangu wa darasa la nne akanigongea dirisha: "Baba, samaki wanakunywa hewa." Nikatoka na tochi. Perege wote wako juu, midomo nje ya maji, wanafungua na kufunga. Kufika saa mbili nimeokota 63, tena wale wakubwa wa kuuza, midomo wazi na mashavu yametanuka. Vifaranga wengi wamepona. Kambare hajafa hata mmoja. Vyura ukingoni wanaimba kama vile wamealikwa harusini.

Nina mgogoro wa mfereji na jirani yangu tangu mwaka jana, kwa hiyo moja kwa moja nikajua ni sumu. Nimeshajiandaa kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ila huyu mtoto ananisumbua: "Kama ni sumu, mbona kambare na vyura hawajafa?" Sina jibu. Nisaidieni.

Kabwe Mjini:
Sumu hiyo mkuu. Ugomvi wa maji haujawahi kuisha vizuri. Nenda kwa mwenyekiti.

Mfugaji Njombe:
Usiende popote kwanza. Maji yana rangi gani? Umeweka samadi lini? Jua mmeliona lini huko?

Mzee wa Mfereji (Rungwe):
Kijani kibichi kabisa, ukitumbukiza mkono kiganja kinapotea kabla maji hayajafika kiwiko. Samadi ya kuku viroba vinne, Jumamosi iliyopita. Jua? Hii ni Tukuyu kaka. Wiki nzima wingu na manyunyu.

Mfugaji Njombe:
Basi jirani yako hana kosa. Ule ukijani ni mwani. Mchana wenye jua mwani unatengeneza oksijeni, usiku nao unavuta kama kiumbe kingine chochote. Wiki nzima ya wingu, mwani umetengeneza kidogo, usiku umetumia kilekile, na samadi ikioza inakula oksijeni pia. Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote, maji yanakuwa yameishiwa. Wakubwa hutangulia kufa kwa sababu mahitaji yao ni makubwa. Ingekuwa sumu, mara nyingi vifaranga ndio wangeanza, na isingengoja alfajiri.

Sitisha samadi, sitisha chakula siku mbili tatu, fungulia maji ya mfereji yaingie kwa kuporomoka kutoka juu, yakirukaruka. Ukiwaona tena juu alfajiri, ingia na ndoo uchote na kumwaga, uchote na kumwaga. Mimi nimeshafanya hivyo saa kumi usiku mwezi wa saba, na baridi ya Njombe mnaijua.

Mwalimu Mstaafu, Iringa:
Nimefundisha baiolojia miaka mingi, nimjibu huyo kijana, maana swali lake ni zuri kuliko la baba yake.

Mwanangu, lita moja ya hewa ina oksijeni kama mililita 210. Lita moja ya maji, hata yakiwa mazuri, haifikishi hata 10. Na huko kwenu juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo inayoingia majini inapungua zaidi. Baridi ndiyo inayowasaidia kidogo, maana maji ya baridi hushika oksijeni kuliko ya moto. Samaki anaishi na hicho kidogo kwa sababu ya matamvua: maji yanaingia mdomoni, yanapita kwenye nyuzi nyekundu, yanatokea mashavuni, na damu ndani ya nyuzi hizo inakwenda kinyume na maji, kwa hiyo inakamua karibu yote. Mapafu yetu yangekuwa hodari hivyo tusingehema sana tukipanda Rungwe.

Utauliza, mbona perege akitolewa nje, kwenye hewa tele, anakufa? Umemwona kuku aliyelowa mvua, manyoya yanavyoshikana? Nyuzi za matamvua bila maji hushikana hivyohivyo, na sehemu ya kupitishia hewa inabaki ndogo mno.

Chura ana mapafu, lakini hana kiwambo cha kuvutia hewa kama wewe. Anaimeza: tazama koo lake linavyopwita. Tena anapumua kwa ngozi, ndiyo maana lazima iwe na unyevu. Akiwa kiluwiluwi alikuwa na matamvua kama samaki. Na kambare, baba yako akikaanga mmoja, mwambie kwanza apasue kichwa, atazame juu ya matamvua.

Mtu wa Ziwani (Mwanza):
Huku kwetu kuna kamongo, ana mapafu kabisa. Akinaswa na nyavu chini asiweze kupanda juu kuvuta hewa, anakufa maji. Samaki anakufa maji! Wageni wakiambiwa wanadhani ni utani.

Mzee wa Mfereji (Rungwe):
Mwalimu, nimepasua. Pande zote mbili, juu ya matamvua, kuna kijumba, na ndani yake kitu chekundu chenye matawi matawi kama kolifulawa ndogo. Kijana anasema hapo ndipo anapotunzia hewa anayopanda kuichukua juu. Kumbe kila nilipokuwa nikimwona kambare anachomoza na kuzama nilidhani anacheza.

Maji sasa yanaporomoka kutoka kwenye bomba la mwanzi, na leo alfajiri hakuna aliyekuja juu. Kwa mwenyekiti sikwenda. Jioni nimempelekea jirani kambare wawili, sikumwambia ni kwa ajili ya nini. Amepokea, amesema ndaga, halafu akauliza kama perege wamekwisha, maana yeye kambare hali.